Krimu au Kijivu

Jioni ile nilipitia kwa mdogo wangu kwa kazi ya dakika kumi tu. Mimi ni fundi rangi. Yeye alikuwa ameoa tena, miaka miwili baada ya kumzika mke wake wa kwanza, na wifi yangu mpya alitaka chumba chao kibadilike sura. Alikuwa amekwama: krimu au kijivu. Nikamwambia rangi haichaguliwi dukani, huchaguliwa ukutani.

Nikapaka viraka viwili ukutani, juu ya kitanda, kwa wakati mmoja. Wifi akaenda jikoni kuchemsha chai. Nje giza lilikuwa linaingia. Nikainama kusafisha brashi.

"Wifi... hicho kijivu."

Sauti ya chini, nyuma yangu.

"Krimu itakipa chumba mwanga," nikajibu bila kugeuka.

Ikaja harufu... dawa ya kuchua kifua.

Nikageuka.

Hapakuwa na mtu.

Huko jikoni vikombe viligongana, wifi akiimba peke yake. Na ile sauti niliijua. Mwenyewe nilimuuguza marehemu miezi minne, katika chumba hichohicho, nikimchua kifua kila jioni.

Wifi akaja na chai, akatazama, akachagua krimu. Akaigusa. Ikamganda vidoleni, mbichi kabisa. Kijivu kilikuwa kimeshakauka. Nikamwambia ni unyevu wa ukuta. Nilimdanganya.

Kesho yake nikapaka chumba kizima krimu. Siku ya tano, ukuta wa kitandani bado ulikuwa unanata. Nikamvuta mdogo wangu pembeni nikamweleza yote.

"Aliomba kijivu," akasema. "Nikamwambia asubiri, apone kwanza."

Nikarudia kwa kijivu. Kilikauka kabla sijashuka ngazi.

Nilidhani yamekwisha. Lakini wifi amehamia sebuleni, analala kwenye kochi. Ukimuuliza, anasema kitanda hakimtoshi, basi.

Juzi asubuhi niliwapitia. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Mdogo wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, shuka limevutwa vizuri hadi kwenye mto wa pili, na ule mto umebonyea katikati. Nikamwita.

Akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, dada," akaninong'oneza. "Ndiyo kwanza amepata usingizi."