Mluzi wa Ifor kwenye Njia ya Ngome

Mbwa ndiye aliyeanza. Mot, mbwa wa Tegwen, alilala katikati ya njia akakataa kuinuka, na hakuna aliyemwamuru kulala.

Njia ile inapanda hadi ngome ya kale juu ya kilima, kuta za udongo na mawe za watu ambao hata majina yao yamepotea. Miguu imeichimba mpaka kingo zake zinampita mtu kimo. Kila majani yanapoota upya, kondoo wa Tegwen hupanda malishoni ndani ya ngome, na mwanakondoo hujifunza kilima kwa mama yake. Wakikosa kupanda mwaka mmoja tu, watoto wa mwaka ule hawatakijua kamwe, na hapo kundi ni la kuuzwa.

"Si nilikwambia," alinong'ona Idwal, shemeji yake. "Tangu tumzike mumeo Ifor, huko juu kuna mwenyewe. Uza kondoo, shemeji."

"Uza wako. Wangu wana njaa."

Ukungu ukashuka, na ndani yake harufu ya sufu inayoungua. Kisha mluzi. Idwal aliniambia mwenyewe, mwili ulimsisimka wote, maana kila mchungaji ana mluzi wake, na ule wa kumlaza mbwa, unaokatika mwishoni kwa sababu ya pengo la jino, ulikuwa wa kaka yake.

"Ifor anatuzuia," alisema.

"Akiwa hai hakuweza kunizuia, ndiyo aanze leo?"

Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa sasa juu ya ukingo zilisikika nyayo, nzito, zikienda wanapoenda na kusimama wanaposimama, na harufu ikazidi hadi ikakaa ulimini, na Mot akalia kama mtoto bila kuinua kichwa, na kondoo mmoja mmoja wakaanza kugeuka kurudi bondeni.

Tegwen akafunga koti kwa kamba.

"Lala tu, Mot. Kazi yako naifanya mimi."

Akakimbia kulia, akakimbia kushoto, bibi mzima na magoti yake mabovu, huku anabweka.

"Shemeji, umerukwa na akili?"

"Bweka na wewe, au kamwambie mkeo ulikimbia mluzi."

Idwal akabweka, kama mwenye kikohozi. Kondoo wakapanda.

Penye lango la ngome wakakwama. Katikati, ndani ya ukungu, palisimama kitu kirefu, na sauti ikatoka chini ya ardhi zaidi kuliko kinywani: "Hapa pangu."

Tegwen akaisimika fimbo kwenye mawe. Hakurudi nyuma.

"Pako, nani kakataa? Sogea basi. Majani huli."

Hakikusogea. Ila jike mzee wa mbele alikipita kwa kulia, wa pili kwa kushoto, na kundi lote likagawanyika likaingia.

Hakijaondoka mpaka leo. Wanakondoo wa mwaka ule wamekuwa mama sasa, na hata siku ya jua kali, lango likionekana tupu, hugawanyika palepale na kuacha nafasi ya mtu mmoja.

Tegwen hupita katikati.