Nilimfundisha Mwanangu Kunyamaza

Nina miaka thelathini na tisa, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini. Ninayoyasimulia yalitokea mwishoni mwa miaka ya tisini, na sijawahi kumweleza mtu yote, hata mume wangu. Nitayapanga kama yalivyofuatana. Mpangilio sikuukosa siku zile... nilikosa huruma!

Nilikuwa najiendeleza ili nipande daraja. Masomo mengine nilifaulu, saikolojia ikanishinda. Nikapewa nafasi moja tu ya kurudia mtihani.

Kila alasiri nilikwenda Shangani, nyumbani kwa Mwalimu Theresia, mwenyeji wa Bukoba, ambaye naye alikuwa anarudia. Tulianza upya na mada za mwanzo kabisa: kichocheo na mwitikio, kumbukumbu, motisha, adhabu. Theresia alikuwa mcheshi. Harufu ya mihogo ya nazi ikitoka jikoni, alinambia, "Mama Somoe, kichocheo hicho! Mwitikio ni mate. Yameze kwanza, ndipo tuendelee."

Mada iliyonisumbua ilikuwa kufifia kwa tabia. Kitabu kilisema tabia hudumu kwa sababu mwenye nayo anapata kitu. Akinyimwa kile kitu, tabia hufifia, mwishowe huzimika. Nilikariri, nikasahau, nikakariri tena... Mwisho nikaamua kujifunza kwa vitendo. Na wa kumfanyia vitendo nilikuwa naye ndani ya nyumba.

Somoe ni binti yangu wa kwanza. Wakati huo alikuwa na miaka sita, na mimi nilikuwa nimejifungua mdogo wake miezi miwili nyuma. Tangu mtoto yule azaliwe, Somoe alianza kulalamika. Nikinyonyesha, "Mama, sikio linauma." Nikifungua kitabu, "Mama, sikio." Nilimchungulia mara moja, sikuona kitu. Nikajiambia, huu ni wivu, anataka kutazamwa. Si ndivyo kitabu kilivyoeleza?

Nilichora jedwali kwenye daftari. Kila alipotaja sikio niliweka mstari mmoja, sikumjibu, nikamgeuzia mgongo. Akizungumza jambo jingine, nilimkumbatia. Siku ya kwanza nilipata mistari kumi na minne. Siku ya pili ikazidi, lakini kitabu kilikuwa kimeonya kwamba tabia hupanda kabla ya kushuka. Nikazidi kuamini! Baba yake, ambaye ni mfanyakazi wa bandarini, aliponiuliza mtoto ana nini, nilimjibu kwa kifupi: wivu.

Katika siku hizo mama yangu alikuja kutoka Msimbati kumwona mjukuu mpya. Somoe akamkimbilia na sikio lake. Bibi akamweka mapajani, akataka mafuta ya uvuguvugu. Nikamkataza.

"Mama, usimbembeleze, utaniharibia zoezi."

"Zoezi gani la kumliza mtoto? Mie nimelea saba, wala sikuwa na daftari!"

"Zamani hiyo, mama."

"Haya, mwalimu." Alisema hivyo tu. Kesho yake asubuhi akaondoka, mapema kuliko tulivyopanga.

Theresia naye aliniuliza, "Lakini hospitali umempeleka?" Nikamcheka. Nikamwambia, "Wewe sura ile umeisoma au umeiruka?" Akafungua kitabu.

Jioni moja Somoe alinishika kanga, akilia. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Nikisikia tena neno sikio, sikusemeshi wiki nzima."

Basi mistari ikaanza kupungua. Sita... minne... mmoja. Kisha siku nne mfululizo hapakuwa na mstari hata mmoja! Nilifurahi, wasomaji wangu. Chini ya jedwali niliandika: "Tabia imezimika."

Siku ya mtihani swali la kufifia kwa tabia lilikuja. Tulitakiwa kueleza kwa mfano. Nikaeleza habari za mwanangu, siku baada ya siku, bila kusita. Nilitoka pale nikitabasamu!

Theresia alinisindikiza nyumbani. Tulimkuta Somoe uani, ametupa mgongo, anamenya mihogo. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti. Hakugeuka. Theresia akamsogelea, akainama, akaguna. "Mama Somoe, njoo usikie harufu hii."

Nilimvua mtandio. Sikio la kulia lilikuwa limeshindiliwa sufi aliyoichomoa kwenye mto wake. Imelowa usaha. Nyuma ya sikio pamevimba, panawaka moto.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimeziba usaha usitoke," alisema. "Usije ukaacha kunisemesha."

Theresia ndiye aliyembeba.

Hospitalini daktari aliuliza maumivu yalianza lini. Nilimtajia siku. Akauliza yalikuwa yanamjia mara ngapi. Nikamtajia, siku kwa siku, hata saa. Aliacha kuandika, akanitazama. "Mama, kumbukumbu zako ni nzuri kuliko zetu. Mbona hukumleta?"



Alilazwa wiki tatu. Sikio la kulia halikupona, halisikii mpaka leo. Matokeo yalipotoka, nilikuwa nimefaulu kwa alama za juu. Nikapanda daraja. Mume wangu alinipongeza! Yeye anajua mtoto aliugua sikio tukachelewa kumpeleka. Hajui kwa nini tulichelewa. Atajua akisoma hapa.

Sasa Somoe ana miaka kumi na sita. Ni mpole, ananiheshimu, majirani humsifu kwamba hana usumbufu. Mwezi uliopita alishikwa na malaria siku tatu. Alifagia, akapika, akaenda shule. Nilipata habari kwa mwalimu wake, baada ya Somoe kuanguka darasani. Nilipomuuliza kwa nini hakunambia, alinijibu kwa upole kabisa, "Sikutaka kukusumbua, mama."

Sikilaumu kitabu. Kitabu hakikusema mtoto asipimwe. Mimi ndiye niliyetaka jibu la mtihani kutoka kwa mtoto mgonjwa. Wazazi wenzangu, walimu wenzangu, nawasihi: mtoto akisema anaumwa, mpelekeni apimwe kwanza, hata kama mna hakika anadeka. Na akiacha ghafla kulalamika, msikimbilie kufurahi kama mimi. Mwiteni, mkae naye, mmuulize. Mimi namuuliza Somoe kila asubuhi, ana hali gani. Kila asubuhi ananijibu, "Nzuri, mama," na sina tena namna ya kujua kama ni kweli.