Milembe Aliaga Vizuri

Giza lilikuwa linaanza kuingia Perpetua aliporudi kwenye ghala la mbegu za pamba kuchukua kanga aliyoisahau msumarini. Mashine za kiwanda zilikuwa zimezimwa, na watu wote walikwisha kutoka.

Akasikia sindano.

Chwii... chwii... Kamba ya katani ikipita kwenye gunia.

Aliijua sauti ile. Hakuna aliyeshona midomo ya magunia upesi kama Milembe. Lakini Milembe aliacha kazi wiki iliyopita! Alitoa notisi ya mwezi mzima, akamwelekeza Perpetua kila kitu, akazunguka kupeana mikono na kila mtu hadi mlinzi wa getini. Bosi wao, Bwana Wilbroad, akamvisha kitenge mbele ya watu, akasema akitaka kurudi mlango uko wazi. Watu wakalia.

Perpetua naye alilia, ila kwa wivu. Yeye kazi yake ya kwanza aliondoka akisindikizwa na matusi. Huyu ana nini hasa, mpaka aende kufungua duka lake Lamadi huku akiombewa dua kama askofu? Roho ilimuuma, hata soda ya bure akaisukuma pembeni.

Ndiyo maana jioni ile ya kuagana alichota udongo wa unyayo wa Milembe pale mlangoni pa ghala, akaupeleka kwa bibi mmoja mganga kule Sapiwi.

"Unataka augue?" bibi aliuliza.

"Hapana. Asiondoke tu."

Bibi akaufunga udongo kwenye kitambaa cheusi, akamrudishia. "Hataondoka. Ukimchoka, urudishe ulipoutoa."

Kesho yake Milembe akapanda basi, meno yote nje, akipunga mkono. Perpetua akamtukana yule bibi moyoni.

Na sasa, mle ghalani, sindano ikanyamaza.

"Mwadila, dada..." sauti ilimsalimu kwa Kisukuma.

Milembe alikuwa amekaa pembeni, amempa mgongo, kitenge cha bosi kikiwa mabegani. Hakugeuka.

"Si... si uko Lamadi?" Perpetua alinong'ona.

"Niko Lamadi." Chwii... "Na hapa nipo. Nipokee kazi, dada, nikapumzike."

Perpetua alitimua mbio, kanga akaiacha palepale.

Alipofika nyumbani, simu ikaita. Ni Milembe. Sauti yake ilikuwa imechoka, kama ya mtu aliyetoka kulima.

"Dada Perpetua, mwenzio nakwisha. Jua likizama tu nasinzia dukani, naota nashona magunia. Nikiamka, kucha zimejaa pamba. Niombee, dada. Kazini pale wewe ndiye ndugu yangu."

Perpetua alishikwa na huruma, tena ya kweli. Usiku kucha alimlilia Milembe. Alfajiri akawahi kiwandani na kitambaa chake, akachuchumaa mlangoni pa ghala, akafungua fundo. Udongo ulikuwa wa moto. Akaukamata kiganjani, tayari kuumwaga.

"Perpetua!"

Bwana Wilbroad alikuwa amesimama nyuma yake, akichungulia magunia yaliyopangwa ndani hadi darini, yote yameshonwa.

"Yote haya umeshona wewe?"

Perpetua akakaza ngumi iliyoshika udongo.

"Ningejua!" bosi alisema. "Kumbe nilikuwa namsifu Milembe bure? Mama, wewe unamzidi mbali."

Unamzidi mbali... Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Perpetua neno kama hilo, si mume, si mama yake mzazi. Lilimshuka taratibu kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Akaurudisha udongo kwenye kitambaa, akakifunga, akakisukumia kifuani.

"Ni mimi, bosi," alisema.

Ndani ya ghala, jua likiwa tayari limechomoza, sindano ikaanza.

Chwii... chwii...

Bosi hakuisikia. Simu ya Perpetua ikaita, jina la Milembe likiwaka kwenye kioo. Ikaita, ikaita, mpaka ikakatika yenyewe, na Bwana Wilbroad alikuwa bado anamsifu.