Aliyejificha Chini ya Kelele

Jua lilikuwa linazama nilipoifunga antena kwa mara nyingine ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, juu ya bonde la Rukwa. Nilikuwa na njaa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na nimeikasirikia mashine yangu kama vile ni mtu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Upande huu kuna chaneli ya televisheni inayokaa bure. Tulitaka kuiazima tupitishie simu ya zahanati moja kule bondeni, mbele ya Mtowisa, ambako mtandao haufiki. Lakini sisi ni wageni kwenye masafa ya watu. Kwanza unasikiliza. Ukisikia mwenyewe yupo, hata kwa mbali kiasi gani, hufungui mdomo.

Na kila jioni kulikuwa na mtu.

Nilizima gari. Nikabadili waya. Nikahamisha antena. Wapi! Alama ileile dhaifu ya mawimbi kwenye kioo cha mashine, imejibanza chini ya kelele, mchana haionekani. Kesho yake vifaa vilikuwa vinarudishwa Sumbawanga, na muuguzi pekee wa zahanati ile ni dada yangu Kulsumu, mwenye mimba iliyokwisha kutimia. Uchungu ukimshika, angemwita nani?

"Tuondoke, Dada Nadhira," alisema Zenon, dereva wetu, Mfipa wa hukuhuku. "Giza linaingia, na wewe unagombana na chuma."

"Subiri bwana!"

Niliiacha mashine isikilize kwa muda mrefu, ikirundika kelele juu ya kelele. Ni kama kupepeta ulezi: makapi yanapeperuka, kinachojirudia kinabaki. Upepo ukatulia ghafla. Nikasikia harufu ya mkaa... na hapakuwa na moto popote. Nikavaa hedifoni.

Shhhh...

Shhhh...

"Nadhira..."

Sauti ya mwanamke. Nyembamba, isiyo na haraka.

Nilimpa Zenon hedifoni. Alisikiliza kidogo tu, akazivua na kufanya ishara ya msalaba.

"Usiitike," alinong'ona. "Kwetu, jioni ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza. Ukiitika, umemruhusu."

"Ni mhuni mwenye redio, kaka. Ananichezea."

"Mhuni gani anakujua jina?"

Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Jioni zote hizi naibembeleza mashine, dada yangu yuko peke yake bondeni, halafu mtu amekaa kwenye chaneli kuniita jina! Nilibonyeza kitufe cha kurushia sauti.

"Abee!" nilifoka. "Unataka nini?"

Alama ikazimika.

Chaneli ikabaki tupu kabisa. Nilicheka peke yangu, nikaipigia redio tuliyoiacha zahanati, chumbani kwa dada. Kulsumu akapokea papo hapo, anahema.

"Uchungu umenishika," alisema. "Lakini Nadhira, uko wapi?"

"Mlimani, dada."

Nikamsikia akisogea karibu na redio. Kisha akanong'ona.

"Basi nani huyu yuko mlangoni, anaongea kwa sauti yako?"

"Usifungue! Usimjibu!"

Nilichelewa. Nilimsikia akigeuka na kuuliza, "Nadhira?"

Na kutoka nje ya mlango wake, kwa hasira yangu mwenyewe...

"Abee!"

Nikasikia komeo likivutwa. Kisha kelele tupu.

Barabara ya kushuka bondeni ni mawe na makorongo matupu. Nilimfokea Zenon njia nzima aongeze mwendo. Tulifika alfajiri. Alikataa kushuka garini.

Mlango wa dada ulikuwa wazi. Kulsumu ameketi kitandani, mzima, kitoto cha kike kifuani, kitovu kimefungwa vizuri. Nilipiga magoti. Nilimshika miguu, nikalia, nikamwomba anisamehe kwa kuchelewa.

"Kuchelewa?" Alinicheka. "Si umekesha na mimi hapa? Nani kanizalisha? Ila mikono yako ilikuwa ya moto, mdogo wangu, mpaka nikapiga kelele."

Kisha akaangalia nyuma yangu, kwenye mlango wa uani. Kicheko kikamtoka usoni. Akamkumbatia mtoto.

"Nadhira... si umetoka sasa hivi kwenda kunawa?"

Uani, maji yalikuwa bado yanamiminika.