Mtaro wa Kasubi

Nabintu alikutana na Odera sokoni Kasubi, saa tatu asubuhi, akiwa amebeba gunia la maganda ya matoke. Nabintu alikuwa mwanamke Mkongo wa Bukavu, amevaa kitenge cha njano chenye masizi pindoni, na kwa maganda hayo alitengeneza makaa ya kupikia. Odera, mpima ardhi kutoka Kenya, alikuwa amesimamisha chombo chake katikati ya njia, akipima mahali pa kuchimba mtaro wa mafuriko.

"Bwana, maji hayapiti hapo," Nabintu alimwambia. "Yanapita nyuma ya kanisa."

"Chombo kinasema hapa."

"Hicho chombo kilinyeshewa lini?"

Odera akacheka, akaomba aonyeshwe. Walizunguka vichochoro wiki nzima, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wanapendana. Kila jioni Odera alimpigia simu, akimwita malkia. Naye Nabintu akamwita sheri, yaani mpenzi kwa Kifaransa.

Ofisini, mkubwa wa Odera alikataa kubadili njia ya mtaro. Odera akachora alivyoagizwa, mstari ukapita juu ya banda ambamo Nabintu na wanawake watano walianika makaa. Kwa wiki mbili aliendelea kupiga simu bila kumwambia.

Nabintu aliuona mstari huo kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, katika ofisi ya mtaa. Alanyo, mmoja wa wale wanawake watano, alimwambia kwamba Odera alimtongoza ili apime kwao kwa urahisi. Nabintu akaamini, akazima simu.

Siku ya mkutano wa wakazi, Odera alisimama mbele ya mkubwa wake.

"Ramani hii nimechora mimi, na ina kosa. Anayejua njia ya maji aliniambia, nami nikachora nilivyoagizwa."

Akamwomba Nabintu aichore njia hiyo ya maji. Nabintu alichukua kalamu bila kumtazama. Wanawake wenzake wakamsahihisha mara mbili. Mkubwa aliuliza maswali mengi, mwishowe akakubali wasubiri mvua. Ilinyesha Alhamisi, maji yakajaa nyuma ya kanisa hadi magotini. Mtaro ukahamishwa.

Odera alimkuta Nabintu akigeuza makaa juani.

"Mbona hukuniambia?" Nabintu aliuliza.

"Niliogopa kukupoteza."

"Na ukanipoteza kwa kuogopa."

Odera akachutama kando yake, akamwomba waoane. Nabintu alimaliza kugeuza safu nzima, kisha akajibu.

"Jumapili, baada ya misa kwenye kanisa kuu la Lubaga, njoo kwa mjomba wangu Bisimwa. Atakuuliza yaliyotokea. Umwambie yote, weye mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa hapo, ninasikiliza."