Godoro Liache Liende

Karakana ya Seremala iko nyuma ya nyumba yake. Ukifungua mlango wa jikoni, unakanyaga maranda. Mke wake huyafagia kila asubuhi, na kila jioni yamerudi. Yamo kwenye viatu. Yamo kwenye nywele za mtoto. Siku moja aliyakuta ndani ya birika la chai, akauliza kama leo wanakunywa kabati au meza.

Mke mwenyewe hushona sare za shule katika chumba cha mbele. Cherehani yake iko karibu na dirisha. Mtoto wao mmoja, wa kike, ana miaka tisa. Jina la utani wanamwita Chiriku, maana tangu aamke mpaka alale mdomo haufungi.

Shule zilipofungwa, Seremala alisema, "Mwaka huu na sisi tutapumzika. Tutapiga kambi ziwani, kule milimani."

Waliazima hema kwa jirani. Godoro waliazima kwa shemeji, yaani kaka yake mke. Lilikuwa godoro la kupuliza, la buluu, zuri kweli.

Shemeji alilikabidhi kwa mikono miwili. "Bwana Seremala," alisema, "hili nimelitoa mbali. Likipotea, usinionyeshe uso."

Wote walicheka. Seremala alicheka kidogo tu. Anamjua shemeji yake. Ule mdomo hauna breki. Akipata neno la kumsema mtu, atalisema harusini, atalisema msibani.

Basi wakaenda.

Ziwa lilikuwa katikati ya milima, limetulia kama maji ndani ya sufuria. Hema lililokuwa karibu na lao lilikuwa la wazee wawili, mume na mke. Mke alifanya kazi kwenye kivuko miaka mingi. Alianza kwa kukata tiketi, akaishia kuwa nahodha. Watu humwita Mama Kivuko. Mumewe alitoka nchi ya joto, na tangu wafike pale hakuwahi kuvua blanketi. Chiriku alimpa jina siku ya kwanza tu: Babu Blanketi. Mzee hakukasirika. Alisema jina linafanana na mwenye nalo.

Asubuhi ya pili walikunywa chai pamoja. Upepo mwembamba ulikuwa unashuka mlimani. Moshi wa jiko ulilala, ukaelekea ziwani.

"Jamani, hapa watu wanaishije?" Babu Blanketi aliuliza. "Kwetu jua likitoka tu, mabati yanalia. Mtu anatafuta kivuli kabla ya kutafuta mswaki. Hapa naogopa hata kutoa mkono nikusalimieni."

"Afadhali ninyi shida yenu ni joto tu, baba," alisema mke wa Seremala. "Kwetu ni nyanda kavu. Mto wetu ni mchanga karibu mwaka mzima. Maji yakija, watoto wanatoka darasani kwenda kuyatazama. Mwalimu naye anatoka."

"Ndiyo maana hujui kuogelea," Seremala alimtania. "Mimi kwetu ni ziwani. Maji yetu ni ya uvuguvugu masika na kiangazi. Tukitoka shule mchana, tunatupa madaftari, tunaruka majini. Kitu kikikuponyoka, usihangaike. Mawimbi yatakiletea mwenyewe ufukoni."

Mama Kivuko alimtazama. "Hilo ni ziwa lenu, mwanangu. Hili la hapa umeliuliza?"

"Kuliuliza nini, mama?"

"Upepo wake."

Seremala alicheka mpaka chai ikamwagika. "Upepo nao unaulizwa? Mama, maji ni maji tu."

Mama Kivuko alimimina chai nyingine.

Baada ya chai, Seremala alibeba godoro mpaka ukingoni. Alitaka Chiriku alikalie, yeye alivute taratibu penye maji ya magoti. Chiriku alikaa. Baadaye kidogo alikumbuka ndara zake, akashuka kwenda kuziweka mbali na maji. Seremala aligeuka kumtazama mtoto. Alipogeuka tena, godoro halikuwa mkononi.

Halikuwa mbali. Lilikuwa hatua chache tu.

"Baba, linakimbia!" alisema Chiriku.

"Litarudi," alisema Seremala.

Godoro halikurudi. Lilizunguka kidogo, likaelekeza kichwa katikati ya ziwa, likaenda. Seremala alimwona shemeji yake moyoni, amesimama mbele ya wageni, anahadithia. Hapohapo akajitupa majini.

Baridi ilimpiga kifuani kama ubao. Alivuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, nusura ameze maji. Lakini alijikaza. Alipiga mikono kumi, akanyoosha kidole kulishika. Upepo ulilisukuma. Akapiga mikono mingine. Likasogea tena. Kila alipolifikia, nalo liliondoka, kama kuku asiyetaka kushikwa.

Alipoinua kichwa, aliona mawimbi. Kule ukingoni hayakuwepo. Alitazama nyuma. Mahema yalikuwa madogo kama vibanda vya kuku. Mikono yake ilikuwa mizito. Mguu mmoja ulikuwa umekakamaa.

Alipiga kelele kuomba msaada. Sauti yake haikufika popote.

Chiriku ndiye aliyekuja mbio hemani. "Mama! Baba amekwenda na godoro, na harudi!"

Mke wa Seremala aliangusha vikombe. Alikimbia mpaka ukingoni, akaingia majini na nguo zake. Mama Kivuko alimkamata nguo kiunoni.

"Unajua kuogelea?"

"Sijui! Niache! Mume wangu huyo!"

"Ukiingia, nitakuwa na watu wawili wa kutafuta. Na mtoto atabaki na nani? Sikiliza. Unamwona?"

"Namwona! Kichwa chake kile pale!"

"Basi mwonyeshe kwa kidole. Mkono usiushushe. Macho usiyaondoe, hata ukiitwa jina. Mtu majini akikupotea, kumpata tena ni shida. Hiyo ndiyo kazi yako. Mimi nafuata mashua."

Mke wa Seremala alinyoosha mkono. Alilia, lakini hakufumba macho.

Mama Kivuko alimwita mlinzi wa kambi, mwenye mashua ya makasia. Babu Blanketi alileta dumu tupu. Alilifunga kifuniko sawasawa, akalifunga kamba kwenye kishikio. Mashua ilikuwa bado inasukumwa majini Mama Kivuko alipoweka viganja mdomoni.

"Liache godoro! Lala chali! Lala chali, mwanangu! Tunakuja!"

Upepo uliokuwa unampeleka Seremala ndio uliompelekea sauti ile. Aliisikia kama mtu amesimama karibu yake.

Alitazama godoro. Lilikuwa mikono miwili tu mbele yake. Miwili tu. Angejaribu mara moja zaidi. Kisha akamkumbuka Chiriku ukingoni na ndara zake mkononi.

Aliacha.

Alijilaza chali. Masikio yakaingia majini, dunia ikanyamaza. Wimbi moja lilimpita mdomoni, akakohoa. Alitaka kuanza kupambana tena. Akajiambia, "Tulia, wewe. Tulia." Alijaza mapafu hewa. Alitanua mikono. Miguu aliichezesha kidogo tu. Na kweli, maji yalimshika. Hayakumpeleka nyumbani, lakini hayakumzamisha. Kila alipopata nguvu, aliinua mkono mmoja juu.

Mashua nayo ilikuwa inahangaika. Katikati ya mawimbi, Mama Kivuko hakuona kichwa cha mtu. Aliona maji tu. Kila mara aligeuka nyuma kutazama ukingoni. Pale palikuwa na mwanamke mmoja, mkono umenyooka kama mshale.

"Kulia kidogo," alimwambia mlinzi. "Zaidi. Sasa nyoosha. Yule pale!"

Hawakumkaribia ovyo. Walimtupia dumu kwanza. Seremala alilikumbatia kama mtoto.

"Usishike ubavuni, utatupindua," alisema Mama Kivuko. "Njoo nyuma ya mashua. Taratibu. Shika hapo."

Walimvuta kutokea nyuma, wakamlaza ndani. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana.

"Go-go-godoro," alisema.

"Likichoka litarudi," alisema Mama Kivuko. "Wewe lala."

Upepo ulikuwa mkali kurudi. Hawakushindana nao uso kwa uso. Walikata mshazari mpaka penye matete, ambapo kilima kilizuia upepo, wakafuata ukingo.

Mke wa Seremala alikuwa bado ameinua mkono.

"Shusha sasa, mwanangu," Mama Kivuko alimwambia. "Huyu hapa mumeo."

Aliushusha. Ulikuwa umekufa ganzi. Kwa mkono ule mwingine alimpiga mumewe kibao cha begani, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena. Chiriku alimshika baba yake kidole gumba, basi.

Walimvua nguo za maji hemani, wakamkausha vizuri. Babu Blanketi alivua blanketi lake, la kwanza na la pili, akamfunika. Watu walishangaa. Kumbe ndani alikuwa na koti pia.

"Nimkalishe motoni?" aliuliza mke.

"Hapana," alisema Mama Kivuko. "Asikae karibu na moto, na msimsugue miguu. Apate joto polepole. Yuko macho, anasema, basi mpe chai tamu kwa mafunda madogomadogo. Akishapata nguvu tunampeleka zahanati."

"Niko mzima, mama," Seremala alisema. "Zahanati ya nini?"

"Ulikunywa maji?"

"Kidogo."

"Na unakohoa. Maji yakiingia kifuani, mtu anaweza kuzidiwa baadaye. Twende yakasikilizwe mapafu."

Walikwenda. Muuguzi alimsikiliza mgongoni na kifuani. Alimpumzisha pale mpaka mchana, akamsikiliza tena. Mwisho akasema, "Kifua ni kizuri. Ukianza kupumua kwa shida, rudi mara moja. Vinginevyo, nenda ukale."

Mke wa Seremala alishusha pumzi ndefu. Hata yule muuguzi alicheka. Njiani walinunua mkate, na Seremala aliula wote kabla ya kufika.

Jioni, jua likiwa bado lipo, alimwendea Mama Kivuko. Alikaa chini, mikono magotini.

"Mama, sasa nifundishe. Mimi nimezaliwa majini. Imekuwaje?"

"Umezaliwa kwenye maji yenu. Ninyi mliogelea mchana, na upepo wa mchana wa kwenu hutoka ziwani kuja nchi kavu. Ndiyo maana kila kitu kilirudi. Hapa, msimu huu, asubuhi upepo hushuka mlimani kwenda ziwani. Karibu na ukingo maji yanatulia, kwa sababu kilima kinayakinga. Mtu anaona shwari, anaingia. Mbele ndiko kwenye kazi."

"Na ile baridi? Jua lilikuwa linawaka."

"Jua linakuchoma wewe mgongoni. Maji yametoka milimani, na usiku wa hapa ni wa baridi. Mwili ukishtuka, pumzi inapotea. Mikono na miguu inachoka upesi, hata ya bingwa. Ingia polepole, jimwagie maji, pumzi itulie kwanza."

"Na kitu kikichukuliwa na upepo?"

"Kiache kiende. Kitu chepesi kinakwenda kasi kuliko mwogeleaji. Na lile godoro ni la kulalia, si la kuogelea."

Seremala alikuna kichwa. "Shemeji je?"

"Shemeji niachie mimi," alisema mkewe. "Nitamwambia achague: godoro au dada yake kuwa mjane. Akichagua godoro, tutajua tuna ndugu wa namna gani."

Babu Blanketi alicheka mpaka akakohoa. Mama Kivuko akamtisha kuwa na yeye atapelekwa zahanati.

Kesho yake asubuhi, Seremala hakugusa maji. Alimwendea mlinzi, akamuuliza upepo wa pale, saa zake na msimu wake. Mlinzi alimwonyesha mahali pazuri pa kuogelea, penye mchanga, mbali na matete. Mchana Seremala alitupa nyasi kavu majini, yeye na Chiriku wakazitazama. Nyasi zilielea, zikarudi polepole ukingoni.

"Sasa upepo unakuja kwetu," alisema Chiriku.

"Sasa ndiyo," alisema baba yake.

Waliweka dumu na kamba ukingoni. Babu Blanketi alikaa hapo kuwa mwangalizi, na kazi nyingine hakupewa. Waliingia polepole, maji yasipite kiuno. Seremala alimfundisha Chiriku kulala chali. Kiganja kimoja chini ya kichwa, kingine chini ya mgongo. "Masikio yaingie. Tumbo juu. Tazama mawingu." Mara ya nne Chiriku alielea peke yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa kimya.

Kisha Seremala alimgeukia mkewe. "Na wewe, binti wa mchanga. Njoo."

Alikuja amekunja uso, ameshika bega la mumewe kwa kucha. Alizama kidogo, akatema maji, akamtukana kidogo. Akajaribu tena. Akajaribu tena. Mwishowe shingo yake ililegea. Seremala aliondoa kiganja kimoja, halafu kingine. Mkewe alibaki juu ya maji, amefumba macho, vidole vya miguu vinachungulia nje.

Alikaa hivyo muda mrefu. Chiriku akaingiwa na wasiwasi.

"Mama? Mama, umelala?"

"Niacheni hapa kidogo," alisema bila kufumbua macho. "Tangu niolewe, leo ndiyo nimepata kitanda kisicho na maranda."