Walimpunguzia Ornella Miaka Minne

— Weye ndiye Fiacre?

— Ndiye miye, chef.

— Leta mikono.

Ng'ombe watatu walikuwa hata hawajafungwa vizuri kwenye uzio. Ilikuwa Jumanne asubuhi, uani kwa Mama Bibiane, mtaa wa Bigo, mjini Bunia, na wakwe walikuwa ndio kwanza wamekaa. Walikuwa wamepatana hivi: ng'ombe wa mahari watangulie, Ornella atawakuta akirudi, halafu harusi. Ornella mwenyewe alikuwa nchi ya mbali, kwenye mashindano ya kimataifa ya vijana, anarusha mkuki. Fainali ya wasichana ilikuwa Jumamosi.

Papa Anaclet, baba yake Fiacre, akasimama na kofia yake mkononi.

— Chef, mutoto wangu amefanya nini?

— Anataka kuoa mutoto mudogo, — akajibu Inspekta Blanchard. Nyuma yake alisimama mama mmoja wa shirika linalolinda watoto, amevaa jile, kizibao cha bluu, uso umekaza.

Wakwe wakacheka.

— Mutoto mudogo gani? Huyu anaoa Ornella! Yule mwenye mukono sawa wa mutu wa kupasua kuni!

— Ndiyo huyo Ornella. Karatasi inasema iko na miaka kumi na saba.

Kicheko kikakatika. Yule mama wa shirika akatoa simu yake, akawaonyesha picha. Ilikuwa hukumu ya tribinali, yaani mahakama, ile inayoshika nafasi ya cheti kwa mtoto ambaye hakuandikishwa alipozaliwa. Muhuri ulikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Na chini kabisa, jina la shahidi aliyeapa: mama yake mzazi.

Papa Anaclet akageuka pole pole.

— Mama Ornella, weye ndiye ulimuzaa. Sema basi. Iko na miaka ngapi?

Mama Bibiane alimzaa Ornella miaka ishirini na moja iliyopita, kule Niania, wakati mume wake alikuwa anafanya biashara ya barabara. Hiyo hesabu aliijua kama jina lake.

— Kama karatasi inasema vile... — akasema, akitazama chini.

Fiacre akamwangalia mara moja tu. Wakampandisha nyuma ya pikapu, mikono ndani ya pingu, nguo yake ya sherehe bado na mikunjo ya pasi.

Wajomba wa Fiacre wakataka kufungua ng'ombe warudi nao.

— Ziache! — Papa Anaclet akafoka. — Siye tulikuja kuoa, hatukukuja kutembea.

Mambo yalianza hivi.

Miezi minane nyuma, Floribert, kocha wa Ornella, alikuja kukaa kwenye kiti hicho hicho cha uani. Mtu wa maneno matamu, viatu vyeupe, saa kubwa mkononi.

— Mama, huyu binti anarusha mukuki kupita wasichana wote niliowahi kuona. Lakini ile mashindano ni ya wale hawajafikisha kumi na nane.

— Basi amechelewa.

— Amechelewa juu ya nini? Ulimuzalia Niania. Uko na karatasi?

— Hapana. Ile wakati nani alikuwa anaandika?

— Sasa unaona? Tutamuandikisha leo. Tunapunguza miaka ine tu. Weye unainua mukono mbele ya juji, unasema ni mutoto wako. Si ni mutoto wako?

— Ni wangu.

— Basi uongo iko wapi?

Fiacre alikuwepo siku ile. Yeye ni fundi wa moto, yaani pikipiki, na mkuki wa kwanza wa Ornella alimchongea yeye, wa mti, na ncha ya chuma.

— Miye hii kitu sipendi, — alisema.

Ornella akamkanyaga mguu kwa mchezo.

— Weye unaogopa nitarudi na muzungu!

— Rudi na hata wawili. Lakini rudi na miaka yako.

Wakacheka, wakaenda. Hakimu alimuuliza Mama Bibiane swali moja, naye akainua mkono akajibu. Hakimu angejuaje? Aliyemzaa ndiye aliyesema.

Mama unayesoma hapa, mwenye binti wa mbio, wa mpira, wa kuimba, sikiliza. Wakikuita uinue mkono, kwanza uliza: hii karatasi, siku ikisimama mbele yangu, itasema nini?

Jumatano mchana Mama Bibiane alimpelekea Fiacre bugali na mboga ya lengalenga kwenye kasho, mahabusu ya polisi. Wakaongea kupitia vyuma vya dirisha.

— Ornella anajua? — hilo ndilo neno la kwanza la Fiacre.

— Bado. Simu yako wameshika, anakupigia haujibu.

— Usimwambie.

— Fiacre!

— Usimwambie, mama. Akijua, mukono wake utakufa. Aliniambia tangu iko mudogo anaota ile siku. Muache arushe.

— Jumatatu watakupeleka gereza kubwa.

— Jumatatu iko mbali. Na tena weye ukienda kusema kweli, watakutoa nje ao watakuingiza humu? Nani atamupokea Ornella?

Mama Bibiane akatoka pale anafuta macho. Lakini barabarani, kati ya moto zinazopiga honi, akajikamata anapumua vizuri. Alifurahi. Kijana amemfungia mdomo, kwa hiyo si kosa lake. Na medali itakuja. Kanisani alishawaambia wote, na sokoni wanawake walishaanza kumuita Mama Championi.

Ujumbe ukaingia.

"Mama Fiacre hajibu toka jana. Simu inalia tu. Iko na nini?"

Akaandika: "Yuko muzima mwanangu. Simu imeharibika. Weye rusha tu."

Alhamisi saa sita, Floribert akapiga kutoka kule mashindanoni.

— Mama Ornella! Habari ya Bunia?

— Kocha, wamemufunga Fiacre!

— Najua.

— Unajua namna gani? Miye sijamwambia hata Ornella.

— Mama, ile picha ya karatasi, unafikiri ilienda kwa wale watu wa shirika yenyewe kwa miguu?

Mama Bibiane akakaa juu ya beseni lililofunikwa.

— Ni weye?

— Nilimuomba binti yako tuoane, kwa heshima. Alinijibu namna gani? Alicheka. Alisema yuko na fundi wake wa moto. Sawa. Acheke.

— Floribert, weye uko mutu mwenye roho?

— Karatasi niliitengeneza miye. Mwaka moja tu itafikisha kumi na nane. Miye niko na subira, nitaingoja ikue.

— Hakutaki!

— Leo hanitaki. Simu ya Fiacre ikikaa kimya wiki nzima, tutaona.

— Naenda kwa polisi sasa hivi!

— Enda, mama. Nani aliapa? Miye sikuinua mukono, sikusema kitu. Enda wakufunge. Na Ornella watamutoa uwanjani mbele ya camera, atalia dunia yote inamuangalia. Ni hiyo unataka?

Akakata. Mama Bibiane akashika simu kifuani. Uani ng'ombe mmoja alikuwa analia, hakuna mtu aliyekumbuka maji yao. Hakwenda polisi. Alichota maji.

Mchana ule akaandika tena: "Yuko muzima. Anakusalimia."

Ijumaa Ornella akaandika maneno marefu.

"Mama niambie kweli. Kocha anasema Fiacre amerudisha ngombe kwao sababu ameona mwingine. Anasema nisirudi Bunia, nibaki naye huku atanitafutia klabu, na nyumba iko. Nilikataa. Lakini kama Fiacre hanitaki nirudi kufanya nini? Kesho nikimaliza kurusha nitamujibu."

Ng'ombe walikuwa hapo hapo, wanamtazama. Mama Bibiane akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akatuma: "Yuko muzima. Maliza kwanza kurusha."

Jumamosi mchana akafika kasho na chai. Dirishani hakuja mtu.

— Fiacre!

— Amelala, — akajibu mfungwa mmoja. — Iko na homa toka jana, anatetemeka. Tumemupa mashati yetu.

Wakamsaidia kusimama. Midomo yake ilikuwa imepasuka, macho mekundu. Jasho lilimshuka kama mtu aliyenyeshewa.

— Mama... ni leo?

— Ni leo.

— Saa ngapi?

— Saa nane.

— Basi ungoje kidogo. Umuache arushe.

Mama Bibiane akaangalia ile chai mkononi mwake. Akaiweka chini. Akatoka hadi barabarani, akasimama kando ya ukuta, akabonyeza simu akaanza kurekodi sauti:

— Ornella, mwanangu, ni miye mama. Fiacre hajakuacha. Ngombe ziko hapa kwetu. Fiacre wamemufunga toka Jumanne juu ya ile karatasi ya miaka kumi na saba, wanasema anaoa mutoto. Floribert ndiye alimuchoma kwa wale watu wa shirika. Miye nilijua yote. Fiacre alikataa nikwambie, na miye nikakubali. Sasa iko mugonjwa. Naenda kusema. Unisamehe.

Akatuma. Halafu akarudi nyumbani mbio, akainua godoro, akatoa kadi ya ubatizo ya Ornella, ile ya zamani iliyoliwa pembe na panya. Saa nane ikipita kidogo alikuwa mbele ya meza ya Inspekta Blanchard.

— Chef, Ornella iko na miaka makumi mbili na moja. Kadi hii hapa. Mbele ya juji nilidanganya.

Inspekta akasoma kadi, akaigeuza, akasoma tena.

— Mama, unajua hii tunaita nini? Kiapo cha uongo.

— Najua.

— Jumanne nilikuwa kwako, nikakuona umenyamaza.

— Ndiyo.

— Kaa chini.

Simu ikalia juu ya meza. Ornella. Inspekta akaibonyeza mwenyewe, akaacha sauti nje. Kelele za uwanja zikajaa ofisini.

— Mama! Nimesikia sauti yako sasa hivi. Ni kweli?

— Ni kweli.

— Fiacre iko wapi? Nataka nimusikie!

Inspekta akatoa kichwa mlangoni, akaita. Fiacre akaletwa, anashika ukuta.

— Orne...

— Fiacre! Siku ine uko ndani unanyamaza? Miye huku niko nakutukana!

— Ulinitukana nini?

— Nilikuita mbwa.

— Mbwa ni sawa. Umesharusha?

— Niko wa kwanza. Mara moja imebaki.

— Rusha basi, halafu tutaongea.

Zikasikika makofi ya watu wa mbali.

— Fiacre, kuna kasichana hapa kako ka pili. Kako na miaka kumi na sita, ya kweli. Asubuhi kaliniomba nikaonyeshe namna nashika mukuki. Kanasema siye ni rika moja.

Sauti ya mwanaume ikaingia, kali:

— Ornella! Leta hiyo simu, wanakuita jina!

— Usiniguse, kocha.

— Una kichaa? Unajua nimekufanyia nini?

— Sasa najua. Toka mbele yangu. Mama, niko naenda pale kwa meza ya wazee wa mashindano.

— Kufanya nini, mwanangu?

— Kuwaambia nilizaliwa lini.

Simu ikakatika. Fiacre alijishusha kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika.

— Huyu apelekwe hospitali, — Inspekta akasema. — Mama, weye unabaki.

Medali alivishwa yule mdogo. Ornella alirudi Bunia bila kitu shingoni, na barua ya kumkataza mashindano miaka mingi. Hakupita nyumbani. Alishuka kwenye gari akapanda moto, akaenda moja kwa moja hospitali, akamkuta Fiacre anakunywa uji. Muuguzi anasema walitazamana mpaka uji ukapoa, ndipo Fiacre akasema: "Umerudi na miaka yako," na Ornella akampiga kofi la bega, akalia.

Karatasi haikufutika siku moja. Mbele ya sheria Ornella aliendelea kuwa mtoto mpaka tribinali ikae, iifute, iandike nyingine, na miezi ile yote Fiacre hakuthubutu kuonekana naye barabarani bila Papa Anaclet kati yao. Floribert hakurudi. Wanamtafuta. Lakini namba yake inafanya kazi, na juzi picha yake ya WhatsApp ilibadilika: amesimama uwanjani, viatu vyeupe, pembeni yake wasichana watatu wenye mikuki. Wapya. Uwanja huo hakuna anayeujua.

Mama Bibiane alihukumiwa kifungo. Jumapili moja, saa za kutembelea, Ornella akaja na sahani.

— Leo wametangaza ndoa yetu kanisani, mama. Mara ya tatu. Hakuna aliyepinga.

— Aksanti Mungu! Na Fiacre?

— Anakusalimia. Hana hasira.

— Mutoto muzuri yule.

— Ndiyo.

Ornella akafunua sahani, akaipitisha, akakaa anamtazama mama yake anavyokata bugali.

— Mama, nikuulize kitu?

— Uliza.

— Fiacre alikuwa amefungwa, na kila siku unaniandikia "yuko muzima". Siku tatu. Ulikuwa unangoja nini?

Mama Bibiane akaacha tonge hewani. Angeweza kusema Fiacre alimkataza. Angeweza kusema aliogopa kufungwa. Yote mawili ni kweli.

— Nilitaka medali, — akasema.

Ornella akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa anajua tayari. Hakusimama. Hakushika mkono wa mama yake.

— Kula, mama, — akasema. — Saa yetu inaisha.